Motokaa ya Kila Siku na Njia ya Porini

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya motokaa, lakini si habari za kununua motokaa, wala si habari za mbio. Nataka kuwaelezeni jinsi mtu awezavyo kuitengeneza kidogo kidogo motokaa yake ya kila siku, ile impelekayo kazini na sokoni, hata iweze kupita njia za mawe, matope na mchanga bila kuharibika na bila kumdhuru mtu. Huenda baadhi yenu mnasema, "Sisi motokaa hatunazo, maneno haya yatufaa nini?" Nawajibu hivi: motokaa ya mwuguzi, ya mwalimu au ya mchuuzi ikikwama mtoni karibu na kijiji chenu, ni nani aitwaye kuja kuisukuma? Ni ninyi. Na nitawaonyesha mbele kwamba mahali pa kusimama wakati motokaa inapovutwa ni jambo la kufa na kupona.

Kwanza tujue ni motokaa ya namna gani. Motokaa nyingi huvuta kwa magurudumu mawili tu. Ziko nyingine zivutazo kwa magurudumu yote manne, na hizo ndizo tuzitakazo leo. Zile ndogo za namna hii zilienea kwa sababu ya vita. Mwaka 1941 kiwanda cha Willys cha Marekani kilianza kutengeneza Jeep kwa ajili ya askari. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks wa kiwanda cha Rover cha Uingereza alikuwa na Jeep shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akaona faida yake. Na mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa watu mjini Amsterdam. Watu wa Toyota wa Japani wakafuata mwaka 1951 na motokaa ambayo baadaye iliitwa Land Cruiser. Suzuki nao mwaka 1970 wakatoa motokaa ndogo sana, na uzao wake ndio Jimny ya leo. Watu wa Marekani hawakukawia kuzipeleka milimani kwa kujifurahisha: mwaka 1953 ulifanywa msafara wa Jeep katika Rubicon Trail, njia ya majabali katika milima ya California, na misafara hiyo haijakoma.

Mfano wetu leo utakuwa Jimny ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 2018. Nimeichagua kwa kuwa ni ndogo na hesabu zake ni nyepesi. Lakini mambo yake ni yale yale ya motokaa kubwa.

Tuseme yuko bwana mmoja aliyeinunua. Akaona picha za motokaa ndefu zenye matairi mapana, akatamani. Katika mwezi mmoja akatia matairi makubwa, springi ndefu, bampa la chuma, winchi mbele na keria juu ya paa. Mwezi wa pili usukani ukaanza kutetemeka barabarani, taa zikawa zawapiga machoni watu wajao mbele, breki zikachelewa kushika, na petroli ikaliwa upesi. Akampelekea fundi. Fundi akauliza, "Ni kipi kati ya hivi vitano kilicholeta ubaya?" Bwana yule hakuweza kujibu, maana vyote viliingia pamoja. Fedha zimekwenda, na motokaa iliyokuwa ikimpeleka kazini kila siku sasa haiaminiki. Haraka haraka haina baraka.

Basi shikeni sheria mbili. Ya kwanza: usibadili kitu mpaka njia yenyewe imekuonyesha haja yake. Ya pili: kila uongezapo kitu, jiulize umepunguza nini. Sasa twende hatua kwa hatua, tukianza na lisilogharimu kitu.

Hatua ya kwanza ni kuijua motokaa kama ilivyotoka kiwandani. Jimny ina mkono mdogo wenye nafasi tatu. Ya kwanza ni ya kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, kwa barabara ya kawaida. Ya pili ni ya magurudumu manne, kwa njia ya utelezi. Ya tatu ni ya magurudumu manne pamoja na gea nzito. Mwendo hupungua kwa nusu, na nguvu ya kuvuta huzidi kama mara mbili. Madereva wengi hawaitumii ile ya tatu hata wamekwisha kukwama. Hilo ni kosa. Gea nzito ni ya kutiwa kabla ya kuingia katika mawe au mteremko mkali, si baada ya kushindwa. Tena usitie magurudumu manne juu ya lami kavu: katika kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, vyuma hushindana hata kuvunjika. Na penye mashaka, shuka. Tembea kwa miguu, uone jiwe, shimo na mahali pa kutokea. Macho ya mtu aliyeshuka yana thamani kuliko kifaa chochote kiuzwacho dukani.

Hatua ya pili ni upepo wa matairi. Barabarani Jimny hutaka upepo wa ratili 26 hivi. Tairi lililojaa ni gumu. Hukaa juu ya mchanga kama kisigino, likazama. Ukipunguza upepo, tairi hulala na kurefuka, likakaa kama unyayo mzima, na uzito ule ule ukatandazwa mahali pakubwa zaidi. Juu ya mawe, motokaa nyepesi kama hii huweza kushushwa hata ratili 18 au 20. Katika mchanga mwingi, hata 15. Tairi laini hulikumbatia jiwe mahali pa kulirukia, na waliomo ndani hawatikiswi sana. Lakini tazama sheria ya pili: umepunguza nini? Umepunguza uimara wa ubavu. Basi nenda pole, usipige kona kwa nguvu, na kabla ya kurudi barabarani ujaze upepo tena, kwa maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo vitu vya kwanza vya kununua ni kipimo cha upepo na pampu, wala si winchi.

Hatua ya tatu ni vyombo vya kujiokoa, na hapa nawaomba msikilize kwa makini, wenye motokaa na wasio nayo. Chombo cha kwanza ni koleo. Motokaa nyingi zilizokwama hutoka kwa kuchimbua matope mbele ya magurudumu na kutia mawe, matawi au mbao. Chombo cha pili ni kamba ya kuvutia iliyo nzima, isiyokatika nyuzi. Cha tatu ni mahali madhubuti pa kuifunga, yaani pete au ndoana ya chuma iliyoshikwa na chasisi kwa bolti, na kutengenezwa kwa kazi hiyo.

Angalieni sana. Ile tufe ya chuma ya nyuma, ya kuvutia trela, si mahali pa kufungia kamba ya kuokolea. Wala zile pete nyembamba za kufungia motokaa isitikisike juu ya lori au melini hazifai. Kamba ikivutwa kwa nguvu hujaa nguvu kama upinde uliopindwa. Ile tufe ikikatika, huruka kama risasi, ikapita katika kioo na katika kichwa cha mtu. Watu wamekufa hivyo, katika nchi nyingi.

Basi motokaa inapovutwa, mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Kamba iwekewe kitu kizito katikati, kama blanketi lililolowa au mfuko wa mchanga, ili ikikatika ianguke chini. Watu wote wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, wala asiwepo hata mmoja katika mstari wa kamba, mbele wala nyuma. Asiruhusiwe mtu kuiruka. Watoto waondolewe kabisa. Mzee wa kijiji aliyepo ana haki ya kusema, "Hatuvuti mpaka watoto wameondoka," na dereva mwenye akili atamshukuru.

Hatua ya nne ni matairi. Hapa ndipo wengi wanapotupa fedha, kwa hiyo tupige hesabu. Tairi la asili la Jimny hii lina namba 195/80 R15. Maana yake, upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni 80 katika kila 100 ya upana huo, yaani milimita 156. Na rimu ni inchi 15, yaani milimita 381. Jumlisha ubavu wa juu, rimu, na ubavu wa chini: 156 na 381 na 156 ni milimita 693. Hicho ndicho kimo cha gurudumu.

Sasa tia tairi la 215/75 R15. Kwa hesabu ile ile kimo chake ni kama milimita 703. Limezidi kwa milimita 10. Lakini ekseli i katikati ya gurudumu. Kwa hiyo imeinuka nusu yake tu, milimita 5. Tia lililo kubwa zaidi, 235/75 R15: kimo ni kama milimita 733, limezidi kwa 40, na ekseli imeinuka milimita 20. Hayo ni mengi kidogo. Lakini tairi hilo huweza kugusa bodi likikunjwa, injini hupata kazi zaidi, na kipimo cha mwendo husema uongo: kikionyesha 80, wewe wakimbia 85 hivi.

Basi faida kubwa ya tairi jipya si kimo chake. Ni ubavu wenye nguvu usiochanwa na jiwe, na zile kashata zilizo wazi zitupazo matope. Kashata za kadiri hufaa kwa barabara na kwa pori pia. Zile kubwa mno za matope hulia katika lami, na katika lami iliyolowa nyingi hazishiki vema. Mtu aendaye lami siku sita na porini siku moja, achague tairi la siku zote saba. Wala asisahau tairi la akiba liwe la kimo kile kile.

Hatua ya tano ni kuukinga tumbo wa motokaa. Chini ziko sehemu zipasukazo: bakuli la oili, tangi la petroli, mirija na shokomzoba. Bamba la chuma lililofungwa vizuri huwezesha motokaa kuteleza juu ya jiwe badala ya kulipiga. Lakini weka bamba pale tu ambapo umekwisha kuona mikwaruzo. Mikwaruzo ni barua ambayo njia imekuandikia. Isome kabla ya kununua.

Hatua ya sita ni springi ndefu, na hapa liko jambo ambalo wengi hawalijui. Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma, na chini ya kila moja imeshuka bakuli la difu. Kati ya ardhi na mahali pa chini kabisa pana milimita 210. Ukitia springi zilizozidi milimita 50, bodi itapanda milimita 50, na motokaa itaweza kukwea ukingo bila kugusa bampa wala tumbo. Lakini lile bakuli la difu halikupanda hata kidogo, kwa sababu ekseli hukaa juu ya magurudumu, si juu ya springi. Jiwe lililokuwa likiligonga jana litaligonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake.

Na umepunguza nini? Uzito wote umekwenda juu, na motokaa imekuwa rahisi kupinduka ubavuni mwa mlima. Ekseli imevutwa kidogo upande mmoja. Pembe ya magurudumu ya mbele imebadilika, na usukani hautulii kama zamani. Mirija ya breki imevutika. Taa zatazama juu. Yote hayo yana dawa, lakini kila dawa ina bei, na fundi lazima ayajue. Tena uliza kwanza sheria ya nchi yako na watu wa bima, kwa maana motokaa iliyobadilishwa bila kuandikishwa yaweza kukosa fidia siku ya ajali.

Hatua ya saba ni maji. Injini huvuta hewa. Ikivuta maji badala yake, pistoni hupanda kuyabana, lakini maji hayabaniki kama hewa, na vyuma hupinda mara moja. Ndiyo maana watu hutia bomba la kuvutia hewa lipandalo mpaka usawa wa paa. Ni chombo chema, hata kwa vumbi. Lakini bomba hilo halizuii motokaa kuelea na kuchukuliwa. Wala halizuii maji kuingia katika difu: difu lenye moto likizama katika maji baridi hupoa ghafula na kuvuta maji ndani, isipokuwa mrija wake wa kupumulia umepandishwa juu. Mrija huo ni wa bei ndogo, utengeneze kwanza. Na mto usioweza kuuvuka kwa miguu, usiuvuke kwa motokaa. Maji yaendayo kasi hayana mzaha, ngoja yapungue. Aliyelala ng'ambo hii ya mto amelala salama.

Hatua ya nane, ya mwisho, ni kufuli la difu na winchi. Difu la kawaida huyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi mbalimbali, jambo lililo jema katika kona. Lakini gurudumu moja likiwa hewani, lenyewe huzunguka bure, na mwenziwe aliye chini hapati nguvu. Kufuli huyafunga yote mawili pamoja. Hata hivyo Jimny hii ina ufundi wake tayari: ikiwa katika gea nzito, yenyewe hulishika kwa breki gurudumu lizungukalo bure, ili nguvu iende kwa mwenziwe. Wengine wamenunua kufuli kabla ya kujifunza kuutumia ufundi huo uliokuwamo tangu siku ya kwanza. Na winchi yafaa kwa mtu aendaye peke yake mahali pasipo msaada; kwa wengine, rafiki mwenye motokaa ya pili na kamba nzuri hutosha.

Sasa tuhesabu uzito, kwa kuwa hesabu hii ndiyo hakimu wa yote. Jimny tupu ina kilo 1,100 hivi. Mtengenezaji amesema kwamba pamoja na watu na mizigo isizidi kilo 1,435. Nafasi iliyobaki ni kilo 335. Watu wazima wanne, kila mmoja kilo 70, ni kilo 280; zimebaki 55. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40; zimebaki 15. Je, winchi, bampa la chuma, keria na hema vitakaa wapi? Havina mahali. Mwenye kuvitaka hana budi kuacha watu au mizigo nyumbani. Asiyepiga hesabu hii hulipa kwa breki na kwa springi, na pengine kwa roho.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa. Nchini Kenya, tangu mwaka 1989, hufanywa mashindano yaitwayo Rhino Charge. Kila motokaa hupewa saa 10 kuvifikia vituo vilivyotawanywa porini, na mshindi si mwenye mbio, bali ni yule aliyevifikia vyote kwa mwendo mfupi kuliko wote. Fedha zilizopatikana zilisaidia kujenga ua wa kuulinda msitu na wanyama wa milima ya Aberdare, ua wa kilomita 400 hivi, uliomalizika mwaka 2009. Humo mtaona motokaa zilizobadilishwa hata hazitambulikani. Lakini iko pia daraja ya motokaa zisizobadilishwa, nazo hushindana katika pori lile lile. Dereva mwenye subira na macho hufika mbali kwa motokaa kama ilivyotoka kiwandani.

Neno la mwisho ni juu ya ardhi yenyewe. Njia ya porini si jangwa lisilo na mwenyewe. Ni malisho ya mtu, ni kisima cha mtu, ni shamba la mtu. Ukikuta matope, pita katikati ya njia iliyopo, wala usichonge njia mpya pembeni. Mvua ijayo itaifanya kuwa korongo. Ukifungua zizi au lango, ulifunge tena. Ukipita penye nyumba, punguza mwendo kwa ajili ya vumbi, na usalimu. Siku ukikwama, hao uliowasalimu ndio watakaokuja na majembe.

Basi, wasikilizaji, tukusanye maneno yetu. Anza na akili na miguu yako; kisha upepo; kisha koleo na kamba na pete madhubuti; kisha matairi; kisha kinga ya chini; na mengine yangoje mpaka njia imeyadai. Kati ya kitu na kitu, pita misimu miwili, wa jua na wa mvua, upate kujua umeongeza nini na umepunguza nini. Na ninyi mtakaoitwa kusukuma, kumbukeni: kamba ikikazwa, simameni mbali, na watoto wawe nyuma yenu. Motokaa iliyokwama yaweza kungoja mpaka kesho. Mtoto aliyepigwa na chuma hangojeki.